Nyumba ya Masista na Wanawake Walioikimbilia

Mgeni atokaye Dunda, penye majumba ya mawe na milango ya nakshi ya mji mkongwe wa Bagamoyo, akafuata njia ya kaskazini hata akaingia chini ya miembe ya misheni, aghalabu huwa amekuja kwa haja moja, nayo ni kuuona mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa Daktari Livingstone ulilazwa mwezi wa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu miezi mingi kutoka kijijini kwa Chitambo. Huonyeshwa mnara, huonyeshwa na mbuyu uliopandwa mwaka 1868, pamoja na kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome lake, ambacho wenyeji husimulia kwamba bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, alimfungia punda wake asikikumbuke tena, kisha huingizwa katika jumba la makumbusho, akatazama pingu na minyororo ya shingoni, akasoma maandiko ya ukutani, akatoka. Jumba lenyewe halitazami, kwa kuwa amelidhania ni ghala tu la vitu vya kale. Walakini jumba hilo lilijengwa mwaka 1876 kuwa makao ya masista, na kazi kubwa ya masista hao ilikuwa kuwapokea na kuwalea wasichana na wanawake waliotolewa utumwani, wasio na baba wa kuwadai wala mjomba wa kuwaulizia. Na kwa hiyo, mtu akiyapima mambo kwa insafu, ni miongoni mwa nyumba za mwanzo katika mrima huu zilizosimamishwa kwa makusudi ili mwanamke aliyedhulumiwa apate pa kuingia na kufunga mlango.

Mwaka huu wa 2026 nyumba hiyo inatimiza miaka 150, na yafaa ikumbukwe kwa ukweli. Kumbukumbu za taasisi zina ada ya kusifu tangu mwanzo hata mwisho, na sifa zikizidi hugeuka kuwa uwongo wa adabu. Nyumba ya masista ilitoa mengi, ikanyima jambo moja kubwa, yaani kauli ya mwanamke juu ya nafsi yake. Na hilo iliyolinyima ndilo sheria za zama zetu zimekuja kulitoa, angaa kwa maandishi, ilhali lile iliyolitoa, kuta na kitanda na mtu wa kumpokea mja usiku, zama zetu hazijalipata kwa kiasi cha haja.

Asili ya habari haiko Bagamoyo, bali iko visiwani. Mwaka 1849, katika kisiwa cha Réunion, mwaka mmoja baada ya Wafaransa kuwaacha huru watumwa wa huko, lilianzishwa shirika la watawa liitwalo Mabinti wa Maria, na ndani yake waliingia wanawake wa kizungu pamoja na wanawake waliokuwa watumwa juzi tu, wakavaa joho moja na kula meza moja, jambo lililowaudhi mabwana wengi wa mashamba ya miwa. Mwezi wa Desemba 1860 baadhi ya masista hao waliletwa Unguja na Padri Armand Fava, wakafungua hospitali na mahali pa kuwatunzia watoto. Na miaka michache baadaye kazi yote ikakabidhiwa kwa mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, ambao mkuu wao, Padri Anton Horner, alifika mwaka 1863. Basi waliowapokea wanawake wa kitumwa katika pwani yetu hawakuwa wote mabibi wa Ulaya waliosoma habari za utumwa vitabuni. Baina yao walikuwamo waliozijua habari hizo kwa ngozi zao.

Soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi siku zile, na kutoka katika mikono ya soko lile alitoka msichana ambaye kisa chake kilienea hata Ulaya. Jina lake Swema, kabila lake Myao. Mama yake, mjane, alikopa nafaka wakati wa shida akashindwa kulipa, na mdai akamtwaa binti badala ya deni akamtia katika msafara uendao Kilwa. Mama akaomba afuatane nao, akabeba mzigo ili asitengane na mwanawe, hata nguvu zikamwishia akaachwa njiani. Swema alipofikishwa Unguja kwa chombo alikuwa taabani, ngozi na mifupa, na mwenye mali alipomwona hana faida aliamuru akafukiwe makaburini angali na pumzi. Kijana mmoja aliyepita karibu alisikia mguno ukitoka ardhini, akamfukua, akampeleka kwa masista. Wakamuuguza, wakamlea, akawa msaidizi wao katika hospitali, na kisa chasema kwamba siku moja aliletewa majeruhi wa kumhudumia akamtambua kuwa ndiye yule yule aliyeamuru azikwe.

Kisa hiki kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870 na Monsinyori Gaume, na kilichapishwa ili kuifungua mikoba ya waumini wa huko; kwa hiyo msomaji na akisome kwa hadhari, akijua kwamba mkono wa mchangishaji umepita juu ya maneno ya msichana. Lakini hata baada ya kuondoa chumvi, mambo mawili yanabaki. La kwanza ni kwamba huduma zote tunazozidai leo kwa mwanamke aliyepigwa na kutupwa zimo humo: aliyemwokoa, aliyemtibu, aliyempa malazi, aliyemfundisha kazi ya kumtegemeza. La pili ni namna kisa kinavyomalizika. Hakimaliziki barazani kwa kadhi wala mbele ya liwali, wala mtesaji haulizwi neno. Kinamalizika kwa Swema kushindana na moyo wake mpaka asamehe. Msamaha ni fadhila, na mimi sithubutu kuidharau. Ila nimeona, katika historia hii ndefu, kwamba kila mara jamii iliposhindwa kumhukumu mdhalimu ilimgeukia mdhulumiwa ikamtaka awe na subira na moyo safi, na tutakutana tena na tabia hiyo kabla ya makala haya kwisha.

Mwezi wa Machi 1868 mapadri walivuka kuja bara, wakapewa ardhi Bagamoyo kwa idhini ya Sultani Majid, nao wakawaleta watoto waliokombolewa. Hawakukaa miaka mingi kwa salama, kwani Aprili 1872 tufani ile iliyovunja Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvitupa vyombo pwani, iliyabomoa na majengo ya misheni. Yakajengwa upya kwa mawe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na biashara, kwa kuwa haikufa bali ilijificha, ikawa inapita usiku kwa majahazi, na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata majahazi hayo. Waliotolewa humo wakagawiwa kwa misheni mbalimbali, wengine Bagamoyo, wengine Mbweni kule Unguja ambako Waanglikana walikuwa na nyumba ya wasichana, wengine Freretown upande wa Mombasa. Ndipo ilipoonekana haja ya nyumba kubwa ya masista, nayo ikasimama mwaka 1876.

Maisha ya ndani yalikuwa ya kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya jembe, ya darasa, ya chakula, ya kulala. Wasichana walikaa upande wao na wavulana upande wao. Walijifunza kusoma, kushona, kufua, kupika na kulima, wakala wakashiba, wakavishwa, na walipougua walitibiwa, na kwa mtu aliyetoka katika msafara wa Kilwa au katika tumbo la jahazi mambo haya hayakuwa madogo. Na masista wenyewe hawakustarehe. Homa iliwaua wangali vijana, kama ilivyowaua mapadri, na makaburi yao yaliyopangana kiwanjani mwa misheni ni ushahidi ambao hauhitaji msimulizi.

Msichana alipofikia umri wa kuolewa, hapo ndipo nyumba ilipoonyesha upande wake wa pili. Hakuwa na kwao pa kurudi, kwa hiyo misheni ilikaa mahali pa wali wake: mapadri na masista waliangalia miongoni mwa vijana waliolelewa upande wa pili, ndoa ikapangwa, ikafungwa kanisani, na maharusi wakapewa kibanda na kiwanja cha kulima katika kijiji cha Wakristo, ambacho hata leo huitwa kijiji cha uhuru. Sehemu kubwa ya juma walifanya kazi za misheni, katika minazi na vanila na mabustani, na muda uliosalia wakajilimia wenyewe. Padri mkuu alikuwa baba yao, mwenye ardhi yao, mwajiri wao, na kadhi wao pia. Mke akidhulumiwa na mumewe kijijini alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshitakia, na mtu huyo ndiye aliyemchagulia mume, ndiye aliyempa kibanda, ndiye ambaye utukufu wa kazi yake yote, katika barua alizoziandika Ulaya, ulitegemea kwamba ndoa hizi zisivunjike. Si ajabu kwamba wako waliotoroka. Wazee wa misheni waliwaita watu wasio na shukrani, na naona walikosea, maana mtu aliyekombolewa kisha akatoroka amekwisha tuonyesha alichokuwa akikitafuta tangu awali.

Haifai kuwahukumu masista kwa sheria ambazo ulimwengu mzima ulikuwa haujazitunga. Katika mji wenyewe, hatua chache kutoka misheni, mke wa kiungwana aliyeonewa alikuwa na njia zake, na njia hizo zilikuwa na heshima: alikusanya nguo zake akaenda kwa baba yake au kwa kaka yake, akakaa huko mpaka mume aje na wazee kumwomba, alikuwa na somo yake, yule bibi aliyemfunda tangu mwali, ambaye neno lake mume alilicha, na alikuwa na kadhi, ambaye kwake angeweza kudai matunzo yake au kujivua kwa kurudisha mahari. Mambo ya namna hii, ya posa na harusi na talaka na watumwa, yaliandikwa kwa marefu na mapana katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten, na mwandishi wake mkuu, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa mzaliwa wa Dunda hii hii; mtu ambaye, kwa kejeli ya majaaliwa, alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata, alipofika Dar es Salaam na mkewe, serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka naye. Ila njia hizo zote za mji zilidai sharti moja, nalo ni kuwa na watu. Mjakazi hakuwa na watu. Hakuwa na nyumba ya baba wa kuikimbilia, wala kaka wa kumkalia mume kikao, na aliyemwonea ndiye aliyekuwa mwenye amri juu ya mwili wake. Kwa mwanamke wa namna hiyo, nyumba ya masista, pamoja na kengele zake na ndoa zake za kupangiwa, ilikuwa rehema.

Wala misheni haikuwa mlango pekee. Uislamu wa Bagamoyo nao ulifungua wake, na mfano ulio dhahiri ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Kongo ya mashariki akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, akasoma, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiriya, na mwaka 1916 akawa liwali wa mji ambao aliingia akiwa mali ya mtu. Katika halka ya dhikiri nasaba ya mtu haikuulizwa, na waliokuwa watumwa walipata humo udugu wa kuwatambulisha. Hii ilikuwa hifadhi ya namna nyingine, isiyo na kuta, na labda kwa sababu hiyo imedumu.

Mwaka 1888 na 1889, Abushiri bin Salim aliposimama kupigana na Wajerumani na mji ukapigwa mizinga, watu kwa maelfu walikimbilia ndani ya mipaka ya misheni, Waislamu na Wakristo, waungwana na watumwa, na Abushiri akaiheshimu misheni asiishambulie. Hiyo ilikuwa mara moja ambapo nyumba ile iliwapokea watu bila kuwauliza watafunga ndoa na nani.

Jambo ambalo wanahistoria wa utumwa hulipitia upesi, na ambalo mimi nataka kulikalia kidogo, ni amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897, iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mtumwa mwanamume na mjakazi wa shambani waliweza kwenda barazani kuomba uhuru, masuria hawakuweza. Walihesabiwa kama wake wa ndani, na amri ikasema wabaki katika hali yao, isipokuwa kama suria atathibitisha kwamba ametendewa ukatili. Yaani katika ardhi ile, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, palikuwa na kundi la wanawake ambao njia yao kuu ya kuupata uhuru ilikuwa kumwonyesha hakimu majeraha, na mzigo wa kuthibitisha ukawa juu yao, waliokaa nyuma ya milango, mashahidi wao wakiwa ni watu wa nyumba ile ile. Wakakaa hivyo miaka kumi na miwili, mpaka amri ya 1909 ilipowatoa. Huku bara Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, wakaweka mwaka 1901 kanuni za mtumwa kujikomboa na za kumnyang'anya bwana aliyevunja wajibu wake, kisha wakaamuru kwamba watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wazaliwe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1922.

Tangu hapo haja ya nyumba ya masista, kwa maana yake ya kwanza, ilikwisha, na masista wakashika ualimu na uuguzi. Dhuluma ya nyumbani haikwisha, ila ilikosa jina. Mwanamke aliyepigwa alikuwa sasa mke halali, raia huru, na kwa kuwa alikuwa na watu, watu walihesabiwa kuwa wamemtosha. Akaenda kwa shangazi yake, shangazi akampoza, akamwambia mwanangu vumilia, ndoa ndivyo ilivyo, na kesho yake wakamrudisha kwa heshima zote.

Mwaka 1971 ni mwaka wa kukumbukwa katika mabara mawili. Huko London, katika mtaa wa Chiswick, Erin Pizzey alifungua nyumba ndogo ya kuwapokea wanawake waliowakimbia waume wapigaji, na nyumba hiyo, iliyojaa watoto na magodoro hadi korido, ikawa mama wa nyumba za namna hiyo Uingereza na kwingineko. Sheria ya kumlinda mke aliyepigwa bunge la huko lilikuja kuitunga mwaka 1976. Mwaka ule ule wa 1971 Bunge letu lilitunga Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 66 kikatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa viboko. Uingereza walianza na nyumba, sheria ikafuata. Sisi tulianza na sheria, na nyumba tunaingoja. Na sheria yenyewe, ijapokuwa ilikuwa ya kujivunia katika Afrika ya siku zile, iliacha mapengo: kifungu cha 66 hakikutaja adhabu yake mahususi, umri wa msichana kuolewa uliwekwa miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mahakama haikuruhusiwa kupokea dai la talaka, ila kwa nadra, kabla ya wanandoa kupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa.

Mapengo mengine yalizibwa na mahakama. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiongoza, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi ya mke ya kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali iliyochumwa ndoani. Watu hulisifu shauri hili, nao wana haki, lakini ni wachache wakumbukao kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara, akazipoteza, zilikuwa zimekwisha kuwa fungu lake. Mengine yalizibwa na wanawake waliojikusanya: wanahabari walioanzisha TAMWA mwaka 1987 na kuliita jarida lao Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mtoto wa nyumba ya kitumwa wa Fumba, ambaye wimbo wake wa Kijiti ulimlalamikia muuaji wa mwanamke aliyeponyoka mkono wa sheria huku wanawake waliotoa ushahidi wakifungwa; wanasheria wa TAWLA, waliojiunga miaka miwili mitatu baadaye, wakawa wanawaandikia maskini hati za madai bila malipo; na huko Mwanza, mwaka 1999, wanawake sita walioanzisha shirika la Kivulini. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilipita mwaka 1998, nayo haikumgusa mume ambaye hajatengana na mkewe. Polisi wakaweka madawati ya jinsia na watoto. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2005 matokeo ya uchunguzi wake, ilionekana kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikuwa wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo.

Basi na tumtazame mwanamke mmoja wa leo, asiye na jina kwa sababu yu wengi, anayetoka nyumbani saa sita za usiku katika mji wowote wa mwambao huu, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, khanga moja kichwani kuficha jicho lililovimba. Kwa mwenyekiti wa mtaa ataambiwa arudi asubuhi. Kituoni, akimkuta askari wa dawati la jinsia yuko zamu, atasikilizwa faraghani na kuandikiwa fomu ya PF3, na akimkuta asiye wa dawati huenda akaulizwa kwanza amemkosea nini mumewe. Kwa PF3 ataingia hospitali, na tabibu atajaza majeraha. Asubuhi afisa ustawi wa jamii ataitwa, naye, akiwa ni yeye peke yake na mafaili ya eneo zima, atafanya awezalo. Katika hospitali kadhaa vimewekwa vituo vya mkono kwa mkono, ambamo polisi, tabibu, mshauri na afisa ustawi hukaa chini ya paa moja ili mwanamke asitangetange na kidonda chake ofisi kwa ofisi, na hili ni jambo jema kuliko mengi yaliyofanywa katika miaka hii. Lakini kituo hufunga shughuli zake, fomu ikajazwa, dawa ikatolewa, na linabaki swali ambalo hakuna fomu inayolijibu: usiku wa leo atalala wapi? Akitaka talaka atapelekwa barazani, na barazani, mbele ya wazee ambao wengi wao ni watu wema, atakutana na yale yale yaliyomkuta Swema. Ataombwa asamehe, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya Mungu, kwa ajili ya sura ya ukoo, na yule aliyempiga atakuwa ameketi kiti cha pili, ameoga, amevaa kanzu safi.

Wasuluhishi wanatimiza kazi waliyopewa, na silaumu usuluhishi pale ambapo ugomvi ni wa posho na maneno. Ninalosema ni kwamba mtu hawezi kusuluhishwa kwa haki akiwa hana mahali pengine pa kulala. Ridhaa ya mtu ambaye njia yake ya pili ni barabarani si ridhaa, na hapa ndipo nyumba na haki zinaposhikana: masista walikuwa na nyumba, na kwa kuwa haki haikuwamo, ndoa ya msichana ikawa shauri la wenye nyumba, sisi tuna haki, na kwa kuwa nyumba haipo, marejeo ya mwanamke kwa mpigaji yanakuwa shauri la usiku na njaa ya watoto.

Nyumba salama zilizopo nchini ni chache, na nyingi zao zinaendeshwa na mashirika na makanisa kwa fedha za wafadhili. Iliyo maarufu iko mbali nasi, Mugumu wilayani Serengeti, ilikofunguliwa mwaka 2014 chini ya dayosisi ya Kianglikana ya Mara, na Rhobi Samwelly akaiongoza; wasichana huikimbilia hasa mwezi wa Desemba, msimu wa ukeketaji, na walezi wao hukaa na wazazi mpaka wazazi waandike ahadi kwamba hawatawakata. Wasiopata ahadi hiyo hubaki wakisoma. Angalia tofauti yake na Bagamoyo ya 1876: binti haozwi ili apishe nafasi. Kenya wanayo tangu 2015 sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayomwezesha hakimu kumtoa mpigaji nyumbani na kumwacha mke na watoto ndani, na Uganda walitunga yao mwaka 2010. Tanzania Bara haina sheria ya namna hiyo, na mpaka itakapotungwa, atakayetoka nyumbani ni aliyepigwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Bagamoyo, na kwa wenzao wa mwambao wote mpaka Tanga, ni dogo na lina gharama ya kuhesabika. Wanapokaa kupitisha makisio ya mwaka, waandike katika fungu la ustawi wa jamii nyumba moja ya kila wilaya, isiyo na kibao mlangoni, yenye vyumba vichache, mlinzi, mpishi, na afisa ustawi asiye na kazi nyingine. Mwanamke akae humo mpaka aamue mwenyewe kurudi, kushitaki au kuachika, asihimizwe na mtu. Wageni waendao misheni wataendelea kuutazama mnara wa Livingstone, na wana ruhusa. Wenyeji, wakipita mbele ya nyumba ya masista, wawaulize wawakilishi wao ya kwetu inajengwa lini.